Daftari Kabla ya Kompyuta: Njia za Kumwandaa Mtunza Taarifa za Afya

UTANGULIZI

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kumfundisha kijana anayejiandaa kwa kazi ya kutunza taarifa za afya kwa kompyuta. Kazi hii ni changa katika nchi yetu, na vitabu vya Kiswahili vya kuifundishia ni vichache. Vijana wanaoiendea hutoka katika shule zetu za sekondari. Huko waendako hufundishwa na wakufunzi ambao aghalabu ni mafundi hodari wa kompyuta, au wauguzi wazoefu, lakini wengi wao hawakupata nafasi ya kusomea ualimu. Kwa sababu hiyo yafaa sisi tulio katika vyuo vya ualimu tulitazame somo hili kwa upande wa mbinu za kufundishia.

Hoja yetu ni moja. Tunashikilia kwamba somo hili lianzie katika daftari la zahanati na limalizikie kwenye kompyuta. Kompyuta hupokea karibu lolote inalopewa, na kosa lililoandikwa kwa kalamu aghalabu huhamia humo likiwa lile lile, ila sasa limepigwa chapa safi na kuonekana kweli. Mifano yetu tunaitoa wilayani Tunduru, katika Mkoa wa Ruvuma, kwani huko hupatikana matatizo mengi ambayo mtunza taarifa atakutana nayo popote atakapopangiwa kazi.

1. KAZI YENYEWE

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vituo vya kutolea huduma nchini vimekuwa vikitumia Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA. Msingi wake ni madaftari yenye namba: kuna daftari la wagonjwa wa nje, la wajawazito, la watoto, la uzazi wa mpango, la wazazi wanaojifungua, na mengineyo. Kila mtu anayehudumiwa huandikwa katika mstari wake. Mwisho wa mwezi mistari huhesabiwa, jumla zikaandikwa katika fomu, na fomu zikapelekwa wilayani.

Wilayani jumla hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Asili ya mfumo huo ni kazi iliyoanza Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuusimika. Pamoja na huo upo mfumo wa GoTHOMIS, uliotengenezwa na Serikali kwa ajili ya hospitali, vituo vya afya na zahanati, ambao humfuata mgonjwa mmoja mmoja tangu anapoandikishwa hadi anapopewa dawa.

Wilaya ya Tunduru ni pana. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 18,000, na sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu humo watu 298,279. Kusini Mto Ruvuma ndio mpaka wetu na Msumbiji. Mashariki barabara huelekea Masasi, na magharibi huelekea Namtumbo na Songea. Ipo hospitali ya wilaya mjini Tunduru, ipo hospitali ya misheni huko Mbesa, na zipo zahanati nyingi vijijini. Katika zahanati hizo hakuna karani wa takwimu. Anayeandika ni yule yule tabibu au muuguzi anayetibu, huku foleni ikimngoja. Mtunza taarifa aliyesomea kazi yake humkuta mwandishi huyo akiwa amechoka, na kazi yake ya kwanza ni kumsaidia, kumkagua kutafuata.

Mwanafunzi atauliza: taarifa zikiharibika, hupotea nini? Swali hili lijibiwe mapema, kwani bila jibu lake somo zima huwa ni zoezi la kujaza vijumba. Mfano mzuri tunao hapa hapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi ulioitwa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na shirika la IDRC la Kanada, ulizipatia timu za afya za Rufiji na Morogoro Vijijini takwimu za magonjwa yaliyokuwa yakiwaua watu wao, zikiwa zimepangwa kwa namna inayosomeka kwa urahisi. Timu hizo ziliona kwamba fedha hazikwenda sawasawa na uzito wa magonjwa, na hasa kwamba malaria ilipewa sehemu ndogo kuliko madhara yake. Zikabadili mipango yao. Katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatusemi kwamba takwimu peke yake ziliwaokoa watoto hao. Dawa, vyandarua na mafunzo ya wahudumu vilikuwapo pia. Tunasema kwamba takwimu zilionyesha pa kuanzia, na kwamba takwimu za uongo zingeonyesha pengine.

2. MAKOSA YALIYOZOELEKA KATIKA KUFUNDISHA

La kwanza ni kuanza na mashine. Mkufunzi huwapeleka wanachuo katika chumba cha kompyuta siku ya kwanza, akawafundisha kuwasha, kuandika na kuchora majedwali. Baada ya miezi mitatu wanachuo huwa wepesi wa vidole, lakini ukiwauliza tofauti kati ya mgonjwa na hudhurio hawana jibu.

La pili ni kukaririsha maana. Mwanachuo huandika katika mtihani kwamba taarifa bora ni ile iliyo sahihi, kamili na inayofika kwa wakati. Hupata alama zote. Kisha hupewa daftari lenye kurasa mbili zisizo na tarehe, naye huzijumlisha bila kusita.

La tatu, ambalo ndilo baya zaidi, ni kutumia mifano safi mno. Katika mifano ya ubaoni kila mgonjwa ana majina matatu, anajua tarehe aliyozaliwa, na ana ugonjwa mmoja unaojulikana. Mwanachuo aliyelelewa kwa mifano hiyo hushtuka afikapo zahanatini, kwa kuwa watu halisi hawako hivyo.

3. HATUA NNE TUNAZOPENDEKEZA

Hatua ya kwanza: Mstari mmoja

Mwanachuo ajifunze kwanza kuandika mstari mmoja wa daftari kwa ukamilifu. Njia inayofaa ni igizo. Mmoja awe mama aliyemleta mtoto, mwingine awe mwandishi, na darasa zima liandike kila mtu katika daftari lake. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu."
"Mtoto anaitwa nani?"
"Hadija."
"Hadija nani, mama?"
"Hadija Saidi. Nyumbani tunamwita Bibi."
"Alizaliwa lini?"
"Alizaliwa korosho zikiokotwa."
"Za msimu uliopita, au za ule uliotangulia?"
"Za msimu uliopita. Mvua kubwa zilimkuta mchanga."

Mazungumzo hayo mafupi yana masomo mengi. Jina Hadija huandikwa pia Khadija, na Saidi huandikwa Said. Mtoto mmoja akiandikwa kwa namna mbili, kompyuta humhesabu kuwa watoto wawili. Akina Hadija Saidi katika kijiji kimoja huenda wakawa wanne, na hapo jina la kitongoji na jina la mama ndiyo huwatofautisha. Msimu wa korosho nao ni kalenda ya kuaminika kwa anayejua kuitumia: darasa litengeneze kalenda ya matukio ya wilaya, yenye misimu ya kilimo, mwezi wa Ramadhani wa kila mwaka, uchaguzi na sensa, ili umri ukadiriwe kwa hoja badala ya kubahatisha. Hapa mwalimu wa Jiografia na mwalimu wa Historia wana msaada mkubwa.

Lipo jambo jingine linaloihusu Tunduru hasa. Miongoni mwa Wayao ni desturi ya tangu zamani kijana kupewa jina jipya atokapo jandoni, na jina la utotoni kuachwa. Basi kijana aliyeandikwa kliniki kwa jina moja huweza kurudi miaka kadhaa baadaye kwa jina jingine, bila ya udanganyifu wowote. Mwanachuo asiyelijua jambo hili atafungua jalada jipya, na historia yote ya mgonjwa itabaki katika jalada la mtu ambaye hayupo tena. Afundishwe kuuliza kwa adabu: "Je, uliwahi kutibiwa hapa kwa jina jingine?" Swali hilo ni jepesi, nalo huenda likamwokoa mtu ambaye mwili wake haupatani na dawa fulani.

Hatua ya pili: Kuhesabu

Katika hatua hii mwanachuo ajifunze kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa mara kwa mara: mtu, hudhurio na ugonjwa. Mtu mmoja akija zahanatini mara tatu katika mwaka, mara ya kwanza kwa malaria, ya pili kwa kidonda na ya tatu kwa malaria na kuhara, tunaye mtu 1, mahudhurio 3 na magonjwa yaliyoandikwa 4. Namba zote tatu ni za kweli. Kinachotakiwa ni kujua fomu inauliza ipi.

Vivyo hivyo makundi ya umri. Fomu ya wagonjwa wa nje hutenga kundi la mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, na kundi la miaka 5 hadi chini ya miaka 60. Mtoto aliyetimiza miaka 5 jana huingia kundi gani? Tumeona wanachuo wengi wakimweka katika kundi la kwanza, kwa kuwa macho yao huiona tarakimu 5 na kuliruka neno "chini". Huu ni udhaifu wa kusoma Kiswahili kwa makini, nao utibiwe kwa mazoezi ya lugha.

Katika hatua hii pia lifundishwe somo la majina ya magonjwa. Homa ni dalili. Haitoshi kuiita malaria. Malaria iliyothibitishwa kwa kipimo huandikwa mahali pake, na ile iliyodhaniwa bila kipimo mahali pake. Hospitalini mwanachuo atakutana na orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotolewa na Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi la orodha hiyo malaria hupewa alama za B50 hadi B54. Toleo la kumi na moja, lenye alama za namna nyingine, lilianza kutumika rasmi Januari 2022. Aelewe kwamba alama hizo ni kifupisho cha uamuzi wa tabibu. Tabibu asipoamua, mtunza taarifa hana ruhusa ya kuamua kwa niaba yake. Wajibu wake ni kurudi na kuuliza.

Hatua ya tatu: Kuihoji namba

Hapa ndipo mwandishi anapogeuka kuwa mtaalamu. Mwanachuo afundishwe kwamba namba ni jibu lenye mashaka hadi lichunguzwe, na kwamba uchunguzi hufuata nyayo kwenye karatasi: kutoka fomu kwenda karatasi ya kuhesabia, kutoka hapo kwenda daftari, na ikibidi kwenda stoo ya dawa. Somo la mfano tunalolitoa hapa chini limejengwa juu ya hatua hii.

Hatua ya nne: Kompyuta

Sasa mwanachuo aingie katika chumba cha kompyuta. Atajifunza haraka, kwani anajua anachokitafuta. Aonyeshwe uwezo wa mashine: kujumlisha bila kuchoka, kulinganisha zahanati moja na nyingine, kuchora ramani, kukataa namba isiyowezekana. Aonyeshwe pia mpaka wa uwezo huo. Kompyuta iliyopangwa vizuri itakataa kumwandika mwanamume kuwa mjamzito, lakini haitajua kwamba Asha ameandikwa mahali pa Hadija. Mazoezi ya lazima ni pamoja na kutunza nakala ya pili ya taarifa, kuendelea na kazi kwa karatasi umeme unapokatika, na kuingiza baadaye yaliyoandikwa bila kuyarudia mara mbili.

4. SOMO LA MFANO: WATOTO 84 WAKO WAPI?

Muda: dakika 80. Zana: ubao, karatasi zilizopigwa mistari kwa rula, na daftari la watoto la zahanati ya kubuni. Kompyuta haihitajiki.

Mkufunzi aandike ubaoni taarifa hizi za mwaka mmoja. Zahanati ina eneo linalokadiriwa kuwa na watoto 300 walio chini ya mwaka 1. Chanjo ya Penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Waliopata dozi ya kwanza ni 348. Waliopata dozi ya tatu ni 264.

Wanachuo wakokotoe. Dozi ya kwanza ni asilimia 116 ya watoto waliokadiriwa; dozi ya tatu ni asilimia 88. Wengi watafurahi, kwani asilimia 88 yaonekana kuwa nzuri. Mkufunzi asiwakatize. Kisha aulize: "Inawezekanaje kuchanja watoto zaidi ya waliopo?"

Majibu yaandikwe yote. Huenda makadirio ya watoto ni madogo, kwa kuwa yametokana na sensa ya zamani. Huenda wazazi wa kijiji jirani, au wa ng'ambo ya Mto Ruvuma, huleta watoto wao hapa. Huenda mwandishi amehesabu ukurasa mmoja mara mbili. Huenda watoto waliovuka mwaka 1 wamejumlishwa. Kila jibu liambatane na karatasi itakayolithibitisha: makadirio hukaguliwa kwa daftari la wakazi la kijiji, wageni hukaguliwa kwa safu ya kijiji katika daftari la watoto, hesabu ya marudio hukaguliwa kwa leja ya chanjo, kwani dozi zilizotoka stoo, ukiondoa zilizoharibika, hazina budi kulingana na watoto waliochanjwa.

Kisha lije swali la pili. Dozi ya kwanza 348, ukitoa dozi ya tatu 264, wabaki 84. Hao ni asilimia 24 ya walioanza, na kwa kawaida tofauti ikizidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa ni dalili ya tatizo. Watoto hao 84 wako wapi?

Hapa darasa hunyamaza kidogo, kisha huchangamka. Labda familia zimehamia katika mashamba ya mbali kwa msimu. Labda dozi za mwisho zilitolewa zahanati nyingine. Labda chanjo ilikwisha stoo, na mama aliyetembea njia ndefu akaambiwa arudi siku nyingine, naye asirudi. Labda walichanjwa ila hawakuandikwa. Kila moja ya sababu hizi hudai dawa yake: ya kwanza hudai huduma ya mkoba, ya tatu hudai usafirishaji bora wa chanjo, ya nne hudai mafunzo kwa mwandishi. Asilimia 88 iliyowafurahisha mwanzoni ilikuwa imeyafunika yote hayo.

Kazi ya nyumbani: kila mwanachuo aandike barua kwa mganga mfawidhi wa zahanati hiyo ya kubuni, akieleza alichokiona na kuomba nafasi ya kuyatazama madaftari pamoja naye. Barua isahihishwe kwa hesabu na kwa adabu vilevile. Kijana wa miaka 22 anayemwandikia muuguzi mwenye umri wa mama yake, na kumwambia tu kwamba takwimu zake ni mbovu, hatapata daftari wala ushirikiano.

5. KUTUNZA SIRI

Kijijini watu hujuana. Jina lililoonekana katika daftari la kliniki ya tiba na matunzo huweza kufika sokoni kabla mwenye jina hajafika nyumbani kwake. Kwa hiyo somo la siri lisiachwe kuwa aya ya mwisho ya kitabu. Sheria zipo: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 hulinda siri ya majibu ya kipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa zile nyeti.

Lakini sheria peke yake haimfundishi mtu kuziba mdomo. Tunapendekeza mijadala ya matukio. Shangazi yako anakuuliza kama mchumba wa binti yake amewahi kuja kupima; utamjibu nini bila kumvunjia heshima na bila kutoa siri? Diwani anaomba orodha ya wajawazito wa kata yake. Umpe idadi au majina? Mwenzako kazini anaomba neno lako la siri la kuingilia katika kompyuta kwa sababu lake amelisahau, utafanyaje? Mwanachuo aliyeyajadili mambo haya darasani atakuwa na maneno ya kujibu siku yatakapomfika.

6. UPIMAJI NA NJIA YA MASOMO

Mtihani wa somo hili uwe wa vitendo kwa sehemu kubwa. Mwanachuo apewe daftari la kubuni lenye makosa kumi yaliyopandwa na mkufunzi: tarehe iliyorukwa, mtoto aliyewekwa katika kundi lisilo lake, mgonjwa mmoja aliyeandikwa kwa majina mawili, na kadhalika. Ayatafute, aeleze namna atakavyoyahakiki, ndipo ajaze fomu. Anayerekebisha kosa kwa kubuni jibu apate alama pungufu kuliko anayeliacha wazi na kuandika kwamba lahitaji kuulizwa. Tabia hii ndiyo tunayoitaka.

Kwa walimu wa sekondari wanaoshauri wanafunzi wao, twaeleza kwa ufupi njia ilivyo. Masomo ya ufundi nchini husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Ngazi ya 4 na ya 5 ni za astashahada, ngazi ya 6 ni ya stashahada, na ngazi ya 8 ni ya shahada. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya mifumo ya taarifa za afya. Mwanafunzi anayekusudia njia hii asidhani kwamba mapenzi ya kompyuta yanatosha. Ahimizwe kushika Baiolojia ili aelewe anachokiandika, Hisabati, hasa uwiano na asilimia, na lugha. Shule isiyo na kompyuta hata moja yaweza kumwandaa mwanafunzi huyu vizuri: mahudhurio ya darasa, mavuno ya bustani na mvua inayonyesha kwa mwezi ni taarifa za kutosha kwa kuanzia.

HITIMISHO

Tumeeleza kwamba mtunza taarifa za afya huandaliwa kwa hatua nne: mstari, hesabu, hoja, kisha kompyuta. Tumeonyesha pia kwamba katika kila hatua yapo mambo ambayo mwalimu wa kawaida, wa Kiswahili, wa Jiografia au wa Hisabati, anaweza kuyafundisha vizuri kuliko fundi wa mashine. Mashine zitabadilika, mfumo unaotumika leo utarithiwa na mwingine. Mama wa Tunduru atakayefika zahanatini na mtoto aliyezaliwa korosho zikiokotwa atamhitaji mwandishi anayejua kumwuliza na kumsikiliza. Wakufunzi wenzetu watakaozijaribu njia hizi tunawaomba watuletee maoni yao, hasa pale zitakapowashinda, ili somo hili lipate kitabu chake cha Kiswahili.